Gari Likinasa Ndutu, Kamba Ifungwe Wapi?

Kila masika yanapokaribia, ubishi uleule hurudi katika gereji za Arusha: je, gari la porini lifungiwe ndoano za kuvutia, zile nene zinazokazwa kwa bolti kwenye chesi (fremu ya chini ya gari), au vitanzi lililokuja navyo kutoka Japani vinatosha? Wanaozitaka ndoano huambiwa wanapenda mapambo, na kweli zikipakwa rangi nyekundu zinapendeza. Hata hivyo, naona hoja yao haijapata kusikilizwa, kwa kuwa ubishi huanzia kwenye bei na kuishia hapohapo.

Wanaozipinga hawasemi upuuzi. Dereva aliyeizoea Ndutu, mbuga iliyo kusini mwa Serengeti, atakwambia kwamba gari likizama, dawa ya kwanza ni kuchimbua magurudumu kwa jembe, kupunguza upepo wa matairi na kulaza mbao, na kwamba gari lililochimbuliwa vizuri hutoka kwa mvuto mdogo. Wana hoja nyingine nzito zaidi: mwenye ndoano imara hujiamini, akavuta kwa kasi pale ambapo mwenzake angeshika jembe. Hilo nimeliona, na silikatai.

Ila jembe linadai muda, na saa kumi na moja jioni, mawingu yametanda na wageni sita wanatazama saa zao, muda haupo. Hapo ndipo hutolewa ule mkanda wa nailoni unaotanuka, na gari la pili likaondoka kwa kishindo. Tupige hesabu. Gari la tani 3 likienda kilomita 10 kwa saa lina nishati ya jouli 11,600 hivi. Dereva akifikisha 20, jambo ambalo kwa mguu wake ni tofauti ndogo tu, nishati haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne, zaidi ya jouli 46,000. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huingia kwenye mkanda, nao huipeleka ncha zote mbili, kwenye kitu chochote ulichofungiwa. Mkanda wenyewe ukikatika, huchapa vibaya. Kikikatika chuma, mkanda hugeuka manati na chuma hicho kikawa jiwe lake, tena likielekea moja kwa moja kwenye kioo alichokaa nyuma yake dereva. Nchini Australia watu wameuawa hivyo na vichwa vya kuvutia trela, ambavyo viliundwa kwa mvuto wa taratibu. Kanuni zilizotolewa huko mwaka 2010 zililazimisha mikanda hii iuzwe ikiwa na maonyo ya maandishi.

Sasa tazama vile vitanzi vya chini ya bampa. Vingi viliwekwa ili gari lifungwe melini lisiyumbe hadi Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo vimezoea kuvutwa kuelekea sakafuni. Baadhi ya magari huja na ndoano halisi za kiwandani, na mwenye nalo asome kwanza kitabu cha gari kabla ya kutoa fedha.

Njia ya katikati, na ndiyo inayonitisha, ni kuchomelea pete ya chuma. Niliwahi kushika mkononi pete ya namna hiyo iliyong'oka: sehemu ya kuchomelea ilikuwa inang'aa juu tu, na chini yake rangi ya zamani ya chesi ilikuwa bado ipo. Kwa kuitazama kwa nje usingejua kamwe. Bolti, kinyume chake, inasomeka. Ya milimita 12 yenye alama 8.8 kichwani, yaani daraja la uimara wake, hustahimili mvuto wa moja kwa moja wa zaidi ya tani 6 kabla ya kukatika, na pungufu ya hapo ikikatwa kwa upande; yenye 4.8 hubeba karibu nusu yake. Ndiyo maana namba iliyochongwa kwenye ndoano peke yake hainiridhishi. Inasema habari za ndoano tu, wakati mzigo wote umening'inia kwenye bolti mbili za dukani na unene wa bati la chesi.

Ndoano mbili zina faida ambayo wapinzani huitaja mara chache: mzigo hugawanywa kwa mkanda mmoja unaozishika zote. Ila pembe ya mkanda huo, pale pande zake mbili zinapokutana, ina neno lake. Ikiwa nyuzi 60, kila ndoano hubeba asilimia 58 ya mvuto. Ikitanuka hadi nyuzi 120, kila moja hubeba mvuto wote kana kwamba mwenzake hayupo. Mkanda mfupi, basi, unaweza kuifuta kabisa faida ya kununua ndoano ya pili.

Kuhusu kujiamini kupita kiasi, wapinzani wana haki, na sioni ndoano itakayolitibu. Mwendo wa dereva huamuliwa palepale matopeni, na mtu mwenye haraka. Bolti hukazwa mapema, gereji, gari likiwa kavu na fundi akiwa na spana ya kupimia mkazo mkononi. Chesi nyingi tayari zina matundu yanayofaa, hivyo pasipo haja mtu asikubali litobolewe jipya.