Kisanduku cheusi chenye nukta nyekundu

Haya nayaandikia kwenye ThinkPad X220, laptopu ya mwaka 2011. Herufi A imeanza kufutika kwenye kitufe chake, pembe moja ya kifuniko imechubuka, na feni ikianza kuzunguka hunguruma kama paka aliyeshiba. Kila nikiulizwa kwa nini sinunui mpya, jibu langu huwa tayari mdomoni: hazitengenezwi tena kama hizi. Siku hizi jibu hilo nimeanza kulitilia shaka. Si uongo, ila linaruka swali la maana zaidi, yaani hizi zilitengenezwa hivi kwa ajili ya nani.

Umbo lenyewe lina historia. IBM ilipoitoa ThinkPad 700C mwaka 1992, sura yake ilitoka kwenye mikono ya Richard Sapper, mbunifu wa Kijerumani aliyefanyia kazi zake Milano. Wazo alilichota kwenye bento, kisanduku cha chakula cha Kijapani: kwa nje cheusi na kimya, ukikifungua ndipo unakuta mpangilio wote. Kati ya G, H na B kikawekwa kinundu chekundu cha kusogezea kielekezi, matunda ya utafiti wa Ted Selker, aliyetaka kuokoa ule muda mkono unaopoteza kutoka kwenye vitufe kwenda kwenye kipanya na kurudi. Wapo wasioweza kukivumilia hata dakika tano. Aliyekizoea, kumwachisha ni kazi.

Lakini si kila ubunifu wa zama zile ulidumu. ThinkPad 701 ya mwaka 1995 ilikuwa na kibodi ya vipande viwili vilivyoteleza na kuungana ukifungua kifuniko, hata ikawa pana kuliko mashine yenyewe. Ilikuwa kazi ya John Karidis, na leo imo kwenye mkusanyiko wa jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York. Ilikuwa ya ajabu kuitazama, ila skrini zilipokua, kibodi kamili ikaenea bila kukunjwa na ule ufundi ukakosa kazi. Kwa hiyo anayesema watu wanazipenda laptopu hizi kwa sababu ya ubunifu wa kuvutia macho, naona hajakaa nazo. Kinachopendwa hasa kiko chini, upande ambao hakuna anayeutazama.

Igeuze X220 kifudifudi. Pembeni mwa baadhi ya skrubu kuna vialama vidogo, na kimojawapo ni mchoro wa kibodi. Fungua zilizo na mchoro huo, geuza mashine, sukuma kibodi kuelekea skrini, nayo inanyanyuka. Diski inatoka ubavuni kwa skrubu moja. Betri haihitaji hata bisibisi. Chini ya kibodi kuna njia za kupitishia maji, kahawa ikimwagika ishuke na kutoka badala ya kutuama juu ya saketi. Na kuna mwongozo wa fundi, kurasa kwa kurasa, unaoeleza kipi kitangulie kufunguliwa na kipi kifuate, ambao mtu yeyote anaweza kuupakua.

Aliyeuchora mchoro ule wa kibodi hakunifikiria mimi. Alimfikiria fundi wa kampuni yenye mashine mia kadhaa, ambaye kila saa ya laptopu kukaa mbovu ni mshahara wa mtu aliyekaa bure. Mnunuzi mkubwa ndiye aliyedai vipuri vibadilike upesi, naye alikuwa na nguvu ya kudai. Baada ya miaka mitatu au minne kampuni inazitoa zote kwa mkupuo, nasi tunaziokota zikiwa na nusu ya uhai wao. Kufa kufaana. Sifa tunazoziimba kama mapenzi ya mtengenezaji kwa mtumiaji zilikuwa masharti ya mkataba.

Ukilikubali hilo, mengine yanakaa mahali pake. Kwanza, lile la mashabiki kuilaumu Lenovo, mtengenezaji wa ThinkPad wa sasa, kwa kila kilichoharibika. Lenovo iliinunua biashara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005, na X220 inayopigiwa debe kuliko nyingi ilitoka miaka sita baadaye. Kibodi ya safu saba za vitufe iliachwa mwaka 2012, ikaja ya safu sita yenye vitufe vilivyoachana. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2017 lilitolewa toleo maalumu la kuadhimisha miaka 25, likiwa na safu saba. Lilikuwa toleo la kumbukumbu tu. Wanunuzi wakubwa hawakuwa wameuliza kibodi ya zamani imekwenda wapi. Nami nikiri: niliwahi kuazima laptopu mpya nyembamba kwa wiki moja, na siku ya tatu vidole vilikuwa vimeshazoea.

Pili, mnunuzi yuleyule aliyetuletea skrubu zenye alama alituletea na kufuli. X220 ina orodha yake ya kadi za Wi-Fi inazozikubali. Ukichomeka isiyomo, inakataa kuwaka mpaka uitoe au ubadilishe programu ya chini kabisa ya ubao mama. Kwa idara ya tehama ya kampuni hilo halina shida. Kwa mrithi kama mimi ni kero tupu.

Halafu kuna umri, ambao hauna ubishi. Skrini ya X220 ni nukta 1366 kwa 768, na zile za kawaida ukiziinamisha kidogo rangi zinageuka. Prosesa yake ina sehemu maalumu ya kufungua video zilizobanwa kwa mfumo wa H.264, lakini mifumo mipya ya VP9 na AV1, inayotumika sana sasa, haiijui, kwa hiyo mzigo wote unaangukia kwenye prosesa yenyewe na yule paka anaanza kunguruma. Windows 11 haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Inabaki Linux, mfumo endeshi wa bure. Mimi nimeridhika nayo, ila siwezi kumwambia mhasibu anayetegemea programu moja ya Windows kwamba hilo ni jambo dogo.

Wanaozitetea mpya wana hoja nyingine tusiyopenda kuisikia: kumbukumbu (RAM) iliyochomelewa kwenye ubao si hila tu ya kutukomoa. Aina zinazotumia umeme kidogo zilihitaji kukaa karibu sana na prosesa, na hapo ndipo ulipotoka wembamba na betri inayodumu siku nzima. Lakini hoja hiyo haifiki mbali inavyodaiwa. Tangu mwaka 2021 kampuni ya Framework inauza laptopu nyembamba ambazo mtumiaji anaweza kuzifungua mwenyewe. Mwaka 2024 Lenovo yenyewe iliiwekea ThinkPad P1 kumbukumbu ya LPCAMM2, ya umeme mdogo na inayofungwa kwa skrubu. Uwezekano ulikuwepo. Mnunuzi mkubwa ndiye aliyeacha kuuliza, maana siku hizi anaweza kulipia huduma ya kubadilishiwa ubao mzima, na mashine ataiachia kabla haijazeeka.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko China, ambako kikundi cha wapenzi kinachojulikana kama 51nb kilitengeneza mbao mama mpya za kuingia kwenye magamba ya ThinkPad za zamani. Moja yao, X62, hukaa ndani ya X60 au X61. Walichokitupa ni prosesa na saketi zake. Kibodi na gamba wakaviacha.

Juzi bawaba ya kushoto ya X220 yangu ilianza kulegea, na skrini sasa inajilaza yenyewe taratibu nikiwa katikati ya sentensi. Mwongozo ninao, bisibisi iko kwenye droo. Bawaba mpya ndiyo bado naitafuta.