Shangazi, Chetezo na Gari Lililokataa Kuvuja

Petroli ina tabia moja ya kihuni: haiachi ushahidi. Mafuta ya injini yakivuja huacha doa jeusi sakafuni, na maji ya rejeta huacha kidimbwi ambacho hata mtoto atakionyesha kwa kidole, lakini petroli hutona, hunuka, kisha hupotelea hewani kabla mwenye gari hajainama kuitazama. Ndiyo maana harufu yake ilipotanda katika jengo letu la South C mnamo Oktoba 2023, mwezi ambao lita moja jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 217 na senti 36, hakuna aliyelishuku gari. Nani angewaza kwamba kuna mtu mwenye akili timamu anayemwaga bidhaa ya bei hiyo bure?

Washukiwa wa kwanza walikuwa mitungi ya gesi. Bawabu wetu, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Soja, alipita mlango hadi mlango na kikombe cha povu la sabuni, akipaka kila kiungo cha mtungi na kungoja mapovu yafure, kama inavyopaswa. Hayakufura popote. Mama Brayo wa orofa ya chini aliutoa mtungi wake nje hata hivyo, akaupikia huko huko uani, jengo zima likajua kila siku anakula nini. Kijana mmoja wa bodaboda alituhumiwa kuficha petroli chini ya kitanda akingojea tarehe 14, siku ambayo bei mpya hutangazwa kila mwezi; alipofungua chumba tukakuta viatu na gitaa lisilo na nyuzi, naye akadai aombwe radhi, deni ambalo hadi leo kamati haijalilipa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Niliandika katika taarifa yangu kwamba harufu huzidi jioni, muda mfupi baada ya watu kurejea kutoka kazini, na wajumbe wote wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo saa ya mapishi.

Soja ndiye aliyeachana na taarifa na kuiamini pua. Jioni moja alipiga magoti penye maegesho, akatambaa akinusa kutoka gari hadi gari, na alipofika kwenye gurudumu langu la nyuma akanyanyua uso na kunitazama kwa masikitiko makubwa.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, nililolinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi lilifika likiwa kijana. Karatasi, hata hivyo, hazielezi kijana huyo alilelewa wapi. Kaskazini mwa Japani theluji huanguka kwa wingi, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia tumbo la gari na kujificha penye vibanio, viungo na pembe ambazo hakuna mwosha magari anayezifikia. Aliyeniuzia alikuwa amelipaka tumbo lote rangi nyeusi ya kung'aa, na fundi niliyekwenda naye kulikagua alisema hajawahi kuona gari safi chini namna ile. Alisema kweli. Rangi ilikuwa safi sana.

Basi wakaja mafundi. Wa kwanza alitandika katoni, akajilaza, akamulika kwa tochi ya simu, akatoka mkavu na kuniambia kwamba kifuniko cha tangi kinapumua. Alikikaza, nikamlipa. Wa pili alisema ninajaza mafuta kupita kiasi, shutuma ambayo kwa bei ya mwezi ule niliipokea kama sifa. Wa tatu alikuwa na cheti, na baada ya kuzunguka gari akiwa amefunga mikono nyuma kama daktari wa wodi alinishauri nikapimwe pua. Kila mmoja wao, kabla ya kuingia chini, alinitaka nizime injini kwa sababu za usalama, na hapo ndipo mchezo ulipokuwa. Katika magari ya siku hizi pampu ya mafuta ni ya umeme na imezamishwa ndani ya tangi. Injini ikizimwa pampu hulala, msukumo hushuka, na tundu dogo kwenye paipu hukaa kimya kabisa. Gari langu lilivuja barabarani, likavuja kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, likaendelea kutona kidogo kidogo lilipofika nyumbani, lakini mbele ya shahidi yeyote mwenye tochi lilikuwa kavu.

Hali ilikuwa hiyo shangazi yake mke wangu aliposhuka kutoka Mombasa. Ni mwanamke wa Kibokoni, mjane wa dereva wa teksi, na hakuwa amemaliza hata kuitikia shikamoo yangu.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yanuka petroli, nanyi mwala wali?"

Nilimweleza habari za mitungi, kamati, mafundi na pua yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema kwamba gari zuri likinuka bila sababu lina jicho la hasidi, na kwamba kesho yake atalishughulikia. Nilidhani anamaanisha dua.

Asubuhi ile, siku ya Jumamosi, watu wengi walikuwa uani. Mama Brayo alikuwa akifua. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva akichezea vitufe vya redio, ufunguo ukiwa mahali pake. Shangazi akatokea ngazini kwa mwendo wa heshima, buibui limemkaa sawasawa, mkononi ameshika chetezo, na ndani ya chetezo makaa mekundu yanayofukiza udi wa gharama. Alikusudia kulizunguka gari kutoka nyuma, yaani kutoka upande wa tangi.

Hapa sina budi kueleza jambo moja kuhusu Soja. Mwaka 2011 alikuwa akiishi upande wa Lunga Lunga, na tarehe 12 Septemba ya mwaka huo petroli iliyovuja kutoka bomba kubwa ilishika moto katika kijiji cha Sinai na kuua watu zaidi ya 100. Mtu aliyekuwa jirani na tukio lile hamwulizi mwenye makaa anaelekea wapi. Soja alitupa rungu, akanyakua karai la Mama Brayo lililojaa maji, povu na soksi za watoto, akammwagia Shangazi kuanzia kilemba hadi kandambili.

Wataalamu wa zimamoto watasema kwamba maji si dawa ya petroli, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusafiri ikiwaka. Ni kweli, lakini makaa ya chetezo huyazima vizuri sana.

Kimya kikatanda. Shangazi alisimama akichuruzika, soksi moja begani, udi ukitoa moshi wake wa mwisho. Sote tulingoja maneno ambayo Mombasa huyatunza kwa siku kama ile, na Soja alikuwa ameshafumba macho. Binti yangu, kwa hofu, akataka kuongeza sauti ya redio lakini akazungusha ufunguo. Pampu ikavuma kwa sekunde mbili hivi, kama ifanyavyo kila ufunguo unapofika hatua ya kabla ya kuwasha, na chini ya gari ikasikika sauti nyembamba: tsss.

"Nyamazeni!" akasema Shangazi, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. "Hilo si jicho la hasidi. Hiyo ni kutu."

Kuanzia hapo mimi, mwenye gari, nilikuwa mtazamaji. Shangazi, bila kubadili nguo, alimtoa mtoto garini, akaamuru betri ichomolewe, gari lisukumwe hadi katikati ya uwanja penye upepo, ndoo mbili za mchanga ziwekwe karibu na simu zote ziwekwe mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, alituambia, hutambaa chini na kwenda kutafuta moto wenyewe. Baada ya kungoja mvuke utawanyike alirudisha betri, akamlaza Soja kwa mbali na tochi, akaniagiza nizungushe ufunguo bila kuwasha injini. Soja akaona kila kitu: mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, chini ya kibanio kilichojaa tope, uzi mwembamba wa petroli ulikuwa ukiruka kutoka kwenye paipu na kupiga sakafu ya gari.

"Leteni sabuni ya kipande," akasema Shangazi.

Elimu hii aliipata kwa marehemu mumewe, na kwa gari la marehemu ilikuwa elimu sahihi. Teksi yake ilikuwa ya kabureta. Pampu ilifungwa kwenye injini, ikiyavuta mafuta kutoka mbele, na tundu kwenye paipu ya nyuma lilinyonya hewa zaidi ya kumwaga. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo kipande kilichosuguliwa penye ufa kiliweza kumfikisha dereva nyumbani. Gari langu ni la injekisheni. Humo pampu husukuma kutoka nyuma, kwa nguvu inayozidi upepo wa tairi lake lenyewe. Soja alisugua sabuni mpaka tundu likazibika vizuri, akakaa kutazama kazi yake, nami nikazungusha ufunguo. Sabuni ilitoka kama risasi na kumpata katikati ya paji la uso.

"Magari yamebadilika," akakiri Shangazi, naye akaonekana kwa mara ya kwanza kuwa ameridhika na habari ya lile karai.

Tulichukua matatu hadi Barabara ya Kirinyaga, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan, kutafuta vifaa. Yapo maduka mengi pale na kila moja lina kijana anayekuvuta mkono, lakini hakuna aliyeuvuta mkono wa Shangazi. Muuzaji wa kwanza alitutolea mpira mweusi wa mita akasema, "Mkubwa, huu ndio unatumika, unafunga na vibanio viwili, umemaliza." Shangazi aliushika, akaugeuza, akasoma ubavuni, akaurudisha mezani kwa vidole viwili. Alitaka mpira ulioandikwa kwamba ni wa injekisheni, na kwa sehemu ile ndefu chini ya chasi hakutaka mpira wowote bali paipu ya chuma, kwa sababu jiwe moja la barabarani halina huruma na mpira. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa karibu alijitolea kuziba tundu la zamani kwa moto, tena kwa bei nzuri, gari likiwa na tangi lake vile vile. Alifukuzwa na mtaa mzima.

Fundi tuliyerudi naye alikuwa mtaratibu, na alichokiona chini ya gari kilimfanya aniite nijionee. Aligusa paipu kwa ncha ya bisibisi, wala hakuisukuma, nayo ikamomonyoka. Chini ya kila kibanio palikuwa na tope lililoshika unyevu, na penye tope pana kutu, na juu ya kutu kuna rangi nyeusi inayong'aa. Paipu ya kurudisha mafuta, iliyolala ubavuni mwa ile inayovuja, ilikuwa imebakiza uhai wa wiki chache. Alizitoa zote mbili, akapinda mpya kwa mkono akifuata umbo la zamani, akazipanua midomo kwa kifaa chake ili zikae sawa kwenye viungo, akachunguza pia za breki, ambazo kwa bahati zilikuwa zimesalimika. Kila alipokuwa na swali alimuuliza Shangazi. Nilipojaribu kujibu mimi alisema, "Ngoja, mkubwa, mama anaongea." Bili aliiandika kwa jina la Shangazi na kunikabidhi mimi.

Siku ya kuondoka nilimpeleka kwenye kituo cha reli cha Syokimau kwa gari lile lile. Alikubali kupanda baada ya kumlaza Soja chini yake kwa ukaguzi, injini ikinguruma. Pale kituoni abiria hupanga mizigo yao sakafuni kwa mstari, wakasogea nyuma, na mbwa wa polisi hupita akinusa. Mbwa alipita mabegi ya watu wote kwa adabu. Alipofika kwenye sanduku la Shangazi akaketi.

Afisa alilifungua. Juu kulikuwa na chetezo na mfuko wa makaa. Chini yake, ndani ya kanga iliyokunjwa vizuri, kulikuwa na kipande cha paipu iliyooza, kinanuka petroli, ambacho Shangazi alikuwa akikipeleka Kibokoni ili majirani wajionee.

"Mama, hiki ni nini?"

Shangazi alimweleza. Alianza na chumvi ya Japani, akapitia rangi nyeusi, vibanio, pampu iliyo ndani ya tangi na ujinga wa kukagua gari likiwa limezimwa, na abiria waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakasogea karibu ili wasikie. Afisa aliigeuza paipu mkononi, akachungulia tundu lake dhidi ya mwanga, kisha akatazama huku na huku na kuteremsha sauti.

"Na likiwa linanuka jioni tu, ukitoka kazini?"