Mkono Uguswe Kabla ya Kupigwa Picha

Ndani ya mwongozo wa KDOQI wa 2019, ule wa wataalamu wa figo wa Marekani kuhusu njia za kutolea na kurudishia damu kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, kuna katazo ninaloliunga mkono kabisa: fistula ya mkononi, yaani mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, isitanuliwe kwa puto linalojazwa ndani ya mshipa eti kwa sababu tu picha imeonyesha mshipa umebana. Pawepo na dalili kwa mgonjwa mwenyewe. Mkono umevimba, damu inachelewa kukata sindano zikichomolewa, mashine inapiga kengele ya presha kila mara, au damu haisafiki vya kutosha.

Puto huumiza ukuta wa mshipa. Ukuta ukipona huweza kuota tishu nene na mshipa ukabana upya, kisha mtu aliyekuwa hana shida anaanza safari za kutanuliwa, tena kwa bei hizo!

Ila mwongozo huo unamtegemea mtu ambaye chumba cha angiografia, kinakopigwa picha za mishipa, hakimwoni: nesi wa kitengo cha kusafisha damu. Fistula isiyo na tatizo hutetemeka chini ya vidole, mtetemo laini usiokatika. Ukihisi mapigo yanayogonga badala ya mtetemo, shuku kwamba mbele, kuelekea moyoni, pamebana. Mwambie mgonjwa ainue mkono juu: fistula isiyo na tatizo hunywea, iliyobana mbele hubaki imejaa. Kipimo hiki hakina bili wala foleni. Kinahitaji nusu dakika, na bado kinarukwa zamu baada ya zamu.

Hapa Tanzania mabingwa wa tiba radiolojia, madaktari wanaotanua mishipa hiyo kwa kuongozwa na picha, ni wachache. Mafunzo yao Muhimbili yameanza miaka ya karibuni tu. Kwa hiyo naona sehemu ya mwongozo inayotufaa zaidi ni ile ya kutunza mishipa, ambayo haimhitaji bingwa hata kidogo. Mgonjwa wa figo asichomwe kanula, ile ya kuwekea dripu, ovyo kwenye kigasha. Itafutwe mgongo wa kiganja. Katheta, yaani mrija wa kusafishia damu, ipite shingoni, kulia kwanza, si chini ya mtulinga, kwa sababu huko huacha mshipa mkubwa umebana na fistula ya mkono huo ikaja kuvimbisha mkono mzima. Hapo hata bingwa na puto lake atahangaika.

Ningepewa karatasi moja ya kubandika ukutani, ningeibandika mapokezi ya dharura, pale kanula ya kwanza inapochomwa.