Mfumo Endeshi Ukibadilishwa Jina, Tufute la Zamani Kote?

Mwaka 2016 Apple ilitangaza kwamba mfumo endeshi wa kompyuta za Mac hautaitwa tena OS X, bali macOS. Ulitoka mwaka 2001 ukiitwa Mac OS X, na mwaka 2012 neno "Mac" likaondolewa. Kila jina linapobadilika, waandishi wa miongozo ya programu hubaki na kurasa tele zenye jina la zamani.

Wanaotaka libadilishwe kote, tena mara moja, wana hoja. Anayeanza leo huenda hajui kwamba OS X na macOS ni mfumo uleule. Akikuta mwongozo unataja OS X pekee, atadhani programu haifai kwa mashine yake, au imetelekezwa. Akitafuta msaada kwa jina jipya, huenda asiupate ukurasa wenye jibu lake.

Wanaosita nao si wavivu. Kubadilisha jina ni kazi ya dakika chache. Kuhakikisha hatua zilizoelezwa bado zinafanya kazi ni shughuli nyingine kabisa. Ukurasa wa enzi za Mountain Lion (toleo la 10.8, la mwaka 2012) ukipewa jina la macOS, msomaji ataamini umekaguliwa, kumbe hakuna aliyeugusa. Jina la zamani lilikuwa angalau likimtahadharisha. Kwangu hii ndiyo hoja nzito zaidi, na mara nyingi hupuuzwa.

Kuna pia majina yanayosomwa na programu zenyewe. Lugha ya programu ya Java ikiulizwa os.name, yaani jina la mfumo endeshi, kwenye Mac hujibu "Mac OS X", licha ya mabadiliko yote hayo. Sasa chukua mfano wa msimbo ndani ya mwongozo unaolinganisha jibu hilo na "Mac OS X". Badiliko la jumla likiupitia na kuandika "macOS", sharti halitatimia kamwe. Msomaji atanakili, programu itafuata njia ya mfumo mwingine, na pengine hakuna ujumbe wa kosa utakaomwonyesha tatizo liko wapi. Solaris, mfumo endeshi mwingine, nayo ni hivyohivyo: amri ya uname, inayotaja jina la mfumo, bado huandika jina la zamani, SunOS.

Kwa hiyo naunga mkono jina jipya katika maelezo ya kawaida, hata kabla ya ukaguzi kamili, mradi kila ukurasa utaje toleo la mwisho ambalo hatua zake zilijaribiwa. Msimbo, matokeo ya amri na kumbukumbu za matoleo ya nyuma visiguswe. Toleo la 10.8 halikuwahi kutoka kwa jina la macOS. Mahitaji ya programu yaandikwe "macOS (zamani OS X)" maadamu programu bado inahudumia matoleo ya OS X. Na badiliko la jina liwasilishwe peke yake, bila kuchanganywa na marekebisho mengine, ili mkaguzi aweze kulipitia mstari kwa mstari na kurudisha pale lilipoharibu.