Mishumaa ya Hoteli na Kinu cha Uyombo

Mdogo wangu ni mhudumu katika hoteli moja ya ufukweni hapa Kilifi. Jumamosi ile ya Machi alipewa kazi ya kupanga mishumaa kuzunguka kidimbwi cha kuogelea. Ilipotimia saa mbili na nusu usiku taa zikazimwa, wageni wakapiga makofi, kila mtu akatoa simu apige picha ya giza. Saa ya Dunia, ndivyo wanavyoiita hiyo saa moja ya kuzima taa kwa ajili ya mazingira. Vyumbani viyoyozi vikaendelea kunguruma. Dunia iokolewe, sawa, lakini joto la Machi nalo halina adabu.

Huku kwetu stima ilikuwa imepotea tangu adhuhuri, na hakuna aliyetupigia makofi. Jirani yangu anayeuza samaki alikaa barazani na tochi ya simu. Kila baada ya muda alifunua friza kidogo tu, akaingiza mkono kupapasa samaki wake aina ya changu kama bado ni wagumu, akafunga upesi baridi isitoroke. Kufikia isha maji mekundu yalishaanza kuchuruzika sakafuni. Asubuhi aliwakaanga wote, akauza kwa hasara.

Desturi hii ilianzia Sydney mwaka 2007, na kule ilikuwa na mantiki yake, maana umeme wao ulitoka zaidi kwenye makaa ya mawe. Kwetu je? Zima balbu 10 za wati 9 kwa saa nzima: umeokoa umeme ambao birika la wati 2,000 linaumaliza kwa chini ya dakika 3. Hata chai haijachemka! Tena sehemu kubwa ya stima yetu ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao usiku wa manane, watu wakishalala, mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Haya, nakiri kwa shingo upande kwamba saa mbili na nusu ndio wakati wa matumizi makubwa, mitambo ya mafuta ya Kipevu inapoamshwa kujazia pengo. Kwa hiyo lita kadhaa zilipona. Hongereni.

Kilichonichoma hasa ni mgeni mmoja aliyemwambia mdogo wangu, katikati ya mishumaa hiyo, kwamba tulifanya vyema kukataa nyuklia, kwa kuwa nyuklia ni kifo.

Mimi nilikuwa upande wa watu wa Uyombo, hapa Kilifi, waliokataa kujengewa kinu cha nyuklia, na bado niko. Kinu hakina kazi jirani na hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na wavuvi hawakuulizwa kama watu wanavyoulizwa. Lakini msiniwekee maneno mdomoni. Atomu si jini. Kinu cha Koeberg kinawaka karibu na Cape Town tangu 1984. Ufaransa hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake kwenye nyuklia. Waarabu wa Emirati, watu wa jangwa na mafuta, wamejenga vinu vinne huko Barakah. Wajerumani walifunga vitatu vyao vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, huku makaa ya mawe yakiendelea kuwaka. Huo nao mniambie ni uungwana.

Swali langu ni la fundi, na nashangaa kwa nini halipigiwi kelele. Mpango uliokuwa ukitajwa ni wa megawati 1,000. Matumizi ya Kenya nzima yalipofika kileleni mwanzoni mwa 2025 yalikuwa megawati 2,300 na ushei, na usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu. Wahandisi wana kanuni yao ya zamani: mtambo mmoja usizidi sehemu moja ya kumi ya gridi, yaani mtandao mzima wa umeme wa nchi, kwa sababu siku ukizimika ghafla, iliyobaki lazima iubebe mzigo wake papo hapo. Ikishindwa, mitambo mingine nayo inaanguka, mmoja baada ya mwingine. Tunalijua hilo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Nani wa kulaumiwa, shamba la upepo la Turkana au gridi, walirushiana maneno hadi wakachoka. Lakini shamba lenyewe zima ni megawati 310! Sasa pakia 1,000 kwenye mtambo mmoja. Huyo ni tembo ndani ya mtumbwi: hahitaji kuwa mkali, akigeuka tu mmezama.

Na kinu kikizimika chenyewe kinahitaji umeme wa kukipoza, maana kiini kinaendelea kutoa joto. Umeme huo ndio uliokosekana Fukushima, Japani, mwaka 2011.

Sasa mradi umegeuziwa uso Siaya, ziwani. Wenzetu wa huko wataambiwa habari za ajira na barabara. Nao wawaulize kwanza habari ya nyaya na gridi. Gridi ikikua, au wakileta vinu vidogo vilivyokwisha kufanya kazi kwingine badala ya kuishia kwenye vipeperushi, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mdogo wangu alirudi usiku ule na vipande vya mishumaa ndani ya mfuko wa karatasi, kwani hotelini vilikuwa vya kutupwa. Jumanne stima ikapotea tena, tukaviwasha vyote hadi utambi.