Ndiyo, Ni Mimi Niliyesema Bismillah

Kabla hamjaendelea kunitumia ile klipu ambayo shemeji alinirekodi nikiimba karaoke, naomba niseme neno. Nimeshaipata mara 11, mojawapo imetoka kwa jamaa wa Muscat ambaye sijamwona tangu tuko madrasa. Klipu ina sekunde 40. Wimbo wenyewe una dakika 6 kasoro sekunde 5. Kwa hiyo aibu yangu ni ndefu kuliko mlivyoonyeshwa, na maadamu imeshatoka, bora itoke nzima.

Ugomvi wangu na binti ami mnaujua. Yeye pop, mimi rock, tangu darasa la saba. Yeye husema rock ni watu wazima wanaogombana na umeme. Mimi husema pop ni juisi ya pakiti: tamu, kila mtu anainywa, na ukimaliza hukumbuki ilikuwa embe au pasheni. Rock ni kahawa tungu. Gitaa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ngoma zinakugonga kifuani, na mwimbaji anaimba kama anayedai shamba la babake. Nina fulana nyeusi 4, nazivaa Mombasa, msimu wa kaskazi, mchana, kwa hiari yangu. Mwenye imani ndogo hawezi.

Basi Jumapili tulikuwa kwa mama. Dada amerudi likizo kutoka Muscat, kaja na spika ya karaoke kubwa kama friji ya duka. Pilau ya mbuzi imeshapakuliwa, masinia yako uani chini ya mwembe, yamefunikwa kawa, wanaume wameyazunguka mkekani. Lakini hakuna kugusa. Tunamngoja Ami, babake binti ami, mkubwa wa ukoo, yuko njiani kutoka Malindi. Saa saba alisema yuko Kilifi. Saa nane alisema yuko Mtwapa. Saa nane u nusu alisema yuko Mtwapa. Nyinyi wa Mombasa hamhitaji maelezo.

Njaa ile ndiyo iliyozaa mashindano. Dada akasema mimi na binti ami tuimbe wimbo mmoja mmoja, sebule iamue, walau watu wasahau matumbo yao. Spika ikawekwa dirishani, ikaelekezwa uani ili na wanaume wasikie. Likumbukeni hilo dirisha.

Binti ami akaanza. ABBA, "Mamma Mia". Sitaki kusema mengi. Kiitikio cha kwanza kilipopita, mama wadogo walikuwa wameshakishika. Cha pili, bibi anapiga makofi. Cha tatu, mke wa kaka akainuka na noti ya 200 akamtunza kama yuko kwenye taarab, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Vigelegele. Nusu ya waliokuwa wakiimba hawajui Kiingereza cha wimbo ule wala hawakukihitaji. Kakusanya shilingi 1,400, kisha akaja kunipa maiki na kuninong'oneza. Anajua nitaimba nini, maana sina mwingine.

"Unajua huu wangu ndio uliomng'oa yule wako kwenye namba moja Uingereza? Januari 1976. Nimeangalia."

Najua. Najua pia kwamba wangu ulikuwa umekalia kiti hicho wiki 9. Lakini mtu akikuambia ukweli huku anahesabu noti, damu inachemka. Nikashika maiki nikatangaza, uani wote wakasikia: "Haya, sasa sikilizeni muziki wa watu wazima."

Queen, "Bohemian Rhapsody", 1975. Nikatoa na hotuba: Freddie Mercury, mwimbaji wa hiyo bendi ya Queen, ni mtu wa Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, jina lake Farrokh Bulsara, kwa hiyo rock ni yetu sisi kuliko hao Waswidi wa ABBA. Bibi akauliza ni wa mtaa gani, pengine anawajua watu wake. Nikamwambia bibi, baadaye.

Wimbo unaanza polepole. Nikafumba macho. Mle ndani mwimbaji anamwita mamake, nami nikamwita kwa uchungu, nikavuta.

"Labeka, mwanangu," mama akajibu kutoka jikoni.

Kicheko. Nikaendelea. Hapo akaingia shangazi. Shangazi yangu amefundisha Kiingereza miaka 31, amestaafu, na tangu astaafu hajapata darasa. Akaanza kuwatafsiria kina mama, tena si kwa kunong'ona.

"Anamwambia mamake ameua mtu."

Kimya.

"Kamuua nani?" Bibi huyo.

"Hasemi. Kamtia bastola ya kichwa."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Sasa ninyi mnaoniuliza kwa nini sikuacha palepale: wimbo huu hauachiki, kwa sababu hauna kiitikio. Hakuna kituo. Kuna kipande cha huzuni, halafu gitaa, halafu opera, halafu rock yenyewe, halafu huzuni tena. Kwenye ile opera, Freddie na wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, walirundika sauti zao moja juu ya nyingine mpaka watu watatu wakawa kwaya nzima. Kwenye spika ya dada sauti zote zimetolewa, ndiyo maana ya karaoke. Kwaya nzima ikawa mimi. Napanda kwa sauti ya mtoto wa kike, nashuka kwa sauti ya bawabu, najiita, najiitikia. "Galileo" juu. "Galileo" chini.

"Huyo ni yule wa darubini," shangazi akafafanua. Kisha: "Sasa anasema yeye ni mtoto maskini, wa familia maskini."

"Maskini nani?" Mama, mwiko juu. Wakwe wa dada wamekaa palepale kwenye kochi. "Maskini nani humu ndani?"

Sikumsikia. Jasho linatiririka ndani ya fulana nyeusi, macho nimefumba, nakijua kinachokuja. Ndicho kipande nikipendacho kuliko vyote, nimekifanyia mazoezi bafuni tangu alfajiri. Nikajaza kifua.

"BISMILLAH!"

Twende taratibu hapa, maana klipu inaanzia hapa. Neno limo wimboni, kaliweka mwenyewe Freddie, mimi sikulibuni. Lakini uani hawaioni sebule. Uani kuna wanaume 18 ambao hawajatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi, harufu ya pilau inawapanda puani, na katika maneno yote yaliyomo duniani wanangoja moja tu. Nao wamelipata, kwa spika ya wati 500.

Bismillah ya kwanza, wakatazamana. Shemeji alikuwa barazani penye dirisha, anaona pande zote mbili (na mwanaume mwenye huruma angepiga kelele badala ya kurekodi, lakini tuyaache). Anasema mzee mmoja aliuliza, "Kwani Ami kafika?" Mwingine akamjibu, "Kama wamesema, wamesema."

Kwaya, yaani mimi, ikakataa kumwachilia mtu.

Bismillah ya pili, kawa zikafunuliwa. Birika la kunawia mnaliona kwenye klipu, linazunguka mbio kama linadaiwa.

Kwaya ikakataa tena.

Bismillah ya tatu, nikafumbua macho. Dirisha. Mwembe. Mikono 18 ya kulia inashuka kwenye masinia kwa pamoja, kwaya hasa, ile niliyokuwa nikiitafuta. Mtoto wa jirani tayari ana mfupa. Na yule mzee mwadhini wetu, ambaye ananijua tangu sijatahiriwa, akanipungia mkono wenye wali na kunikaribisha kwa ukarimu kabisa: "Karibu, mwanangu. Bismillah."

Nilitaka kusema jambo. Lakini maiki iko mdomoni, na karaoke haimngoji mtu. Maneno yanabadilika rangi, uko au hauko. Mdomo ukaenda wenyewe. Na yaliyokuwa yanafuata kwenye runinga, wallahi sikupanga, yalikuwa "mamma mia", mara tatu.

"Amesalimu amri!" Binti ami akaruka juu. Sebule nzima ikaingia na wimbo wake juu ya wimbo wangu, noti zikaanza kutoka upya, zote zinanipitia puani kwenda kwake. Katikati ya makelele hayo shangazi akapaza sauti ya darasani:

"Sasa kamtaja shetani!"

"Audhubillahi!" Bibi.

Mama akachomoa waya.

Kwa hiyo mnaoandika kwenye grupu kwamba rock imeshindwa, eleweni jambo moja. Kile kipande cha rock, chenye gitaa, nilichokivalia fulana, hakikupigwa. Mama alichomoa waya kabla. Rock haikufika. Ilikwama Mtwapa pamoja na Ami.

Ami akaja saa tisa na dakika 20, akakuta mifupa na maganda ya ndimu. Akauliza nani alisema bismillah. Familia yetu haijapata kukubaliana haraka namna ile, hata juu ya mwezi wa Idi. Nikajaribu kumweleza: Queen, Unguja, 1975. Akanisikiliza mpaka mwisho, kofia kaishika mkononi, akasema: "Basi imba tena, tuone kama nyama itarudi."

Nikatumwa kuku na chipsi, shilingi 5,200, mfukoni mwangu. Binti ami akajitolea kuchangia kutoka kwenye noti zake. Nikakataa. Halafu nikakubali.

Hukumu ya mashindano ilitolewa na shangazi, amesimama, miwani puani: "Msichana kaimba wimbo mmoja mara nne. Wewe umeimba nyimbo nne mara moja." Ushindi ukaenda huko. Siku ya pili leo naitafakari kauli hiyo, na bado naona nyimbo nne kwa bei ya mmoja ni biashara nzuri, ila sijapata wa kumuuzia.

Jumapili ijayo tumealikwa tena. Mama kanipigia asubuhi: nije, lakini nije nimeshakula.