Bustani ya Kipupwe na Ufagio wa Mama Mkwe

Wako wanaoshindwa na mchwa na wako wanaoshindwa na mbuzi wa jirani, lakini mimi, baba wa watoto watatu na mmiliki halali wa bustani ya hatua kumi kwa kumi na mbili hapa Dodoma, nimeshindwa na ufagio wa chelewa.

Chanzo ni jarida la bustani nililoazimwa kazini. Humo nilisoma kwamba Uingereza, wakati wa baridi, mtunza bustani hodari hafyeki kila kilichokauka, bali huacha vichwa vya maua makavu visimame ili sakitu, yaani umande ulioganda, ivipambe asubuhi, hupanda vichaka ambavyo vijiti vyake hubaki vyekundu kama pilipili baada ya majani kupukutika, kisha huvaa koti zito na kutoka kwenda kutazama maumbo ya matawi. Nikasema moyoni kwamba kama wao wana theluji, sisi tuna kipupwe. Mvua yetu ya mwaka mzima, ambayo ni milimita 600 hivi, hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni vumbi, upepo na mgao wa maji. Mtu atamwagilia nini, wakati maji ya kufulia yenyewe yanasubiriwa kwa foleni na choo?

Kwa hiyo mwaka huu sikung'oa alizeti zangu zilipokauka. Niliziacha zimesimama, vichwa vimeinama kama wazee kwenye kikao kirefu, na kila asubuhi nilikaa barazani na sweta na kikombe cha chai nikiwatazama chiriku wakining'inia kichwa chini na kudonoa mbegu, huku jua la saa moja likilaza vivuli virefu juu ya udongo mwekundu. Nakiri kwamba nilijisikia mtu mwenye elimu.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Kongwa. Aliitazama bustani kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa naumwa.

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia chwaa, chwaa, chwaa. Nilipotoka, uwanja mzima ulikuwa umechorwa mistari ya ufagio iliyonyooka kuliko barabara ya mtaani kwetu, na alizeti zangu zilikuwa mafigani, zikichemsha mlenda. Mkwe hagombi. Nilisema, "Shikamoo mama, pole na kazi."

"Marahaba, baba. Sasa hata nyoka akipita ataonekana."

Nilihamishia matumaini kwenye bogenvilia, mmea ambao, kwa tabia yake ya ajabu, huchanua zaidi ukibaniwa maji, na hivyo umeumbwa kwa ajili ya Dodoma. Hayo mekundu tunayoyasifia si maua bali ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Nilimweleza hayo jirani yangu alipokuja kulalamika kwamba upepo wa Julai unamwagia yote uani kwake. Akajibu kwamba yawe majani au maua, yeye ndiye anayeyafagia.

Yakabaki minyaa ya uzio, ambayo haina majani ya kuangusha, hubaki kijani kiangazi chote, na utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, kiasi kwamba hata mbuzi wa jirani huiheshimu. Pamoja na jiwe kubwa la matale nililolipia toroli na vijana wanne ili liwe kiini cha mandhari. Mama mkwe alilikagua jiwe, akalisifu, akaanika juu yake kanga yake nyekundu. Mke wangu, ambaye kwa miezi miwili hakuwa na neno jema kuhusu bustani hiyo, alisimama mlangoni akasema, "Baba Neema, leo imependeza."

Jumamosi iliyopita alipita dalali. Alichungulia juu ya minyaa, akaona ardhi tupu iliyofagiliwa na jiwe moja katikati, akabisha hodi na kuuliza kiwanja kinauzwa bei gani. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ili nimweleze habari za maumbo na vivuli, lakini mama mkwe alitangulia getini na ufagio wake mkononi.

"Karibu, baba," alimwambia. "Pamoja na jiwe, au bila jiwe?"